Mchapishaji Aliyetolewa Nje ya Kiwanda Chake

Majuzi nikitoka sokoni kijana mmoja alinisimamisha. Alitaka nimwambie kwa ufupi: ana jarida la muziki la vijana, ampelekee nani alichapishe? Nikamwambia kwa ufupi sijui. Kwa urefu ninajua kidogo, lakini alikuwa na haraka. Basi nimeandika, yeye na wenzake wasome wakitulia.

Vijana wangu, mimi nimekula kazi ya magazeti tangu sijaota ndevu mpaka meno yalipoanza kuniaga. Nilianza kwa kuyauza stendi ya mabasi hapa hapa Bagamoyo, nimeyatandaza juu ya gunia, kila rundo na jiwe lake upepo usilichukue. Shule niliiacha darasa la tano. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla hatujasoma arobaini ya baba, nikabaki na wadogo zangu wawili, Rama na Tatu, na nyumba ya makuti yaliyochoka. Mkubwa nilikuwa mimi. Hakuna aliyeniuliza kama naweza.

Muuza magazeti ana elimu yake. Anaona mtu anafungua ukurasa upi kwanza. Wazee walikuwa wanafungua tanzia. Walimu walifungua barua za wasomaji, wakitafuta majina yao wenyewe. Vijana walifungua kurasa zote, wakafunga, wakaniuliza: "Kaka Bakari, hili nalo halina maneno ya nyimbo?"

Hayakuwemo. Wimbo ulikuja redioni, ukapita, ukaenda zake. Vijana walikaa barazani na madaftari, huyu ameshika mstari wa kwanza, yule wa pili, halafu ugomvi. Tatu wetu hakuhitaji daftari. Wimbo ukimpitia sikioni mara moja umeshaingia ndani na kufunga mlango. Kaka yake Rama mkono wake ulikuwa wa kuchora. Alichora gitaa mpaka unataka kulikung'uta. Wakakusanyana na wenzao wa shule, wakaanza kujaza kurasa: maneno ya nyimbo za dansi, ya taarabu, ya ngoma za bara ya wilaya yetu, habari za wapigaji, wapi pa kupata nyuzi za gitaa na ukizikosa utumie nini. Gazeti wakaliita Zumari.

Siku moja wakaniwekea rundo lile mapajani.

"Kaka, sasa tutafutie mchapishaji."

"Mbona mimi?"

"Sisi watoto," akasema Rama, suruali yake pana chini inafagia sakafu. "Nani atatia saini na watoto? Wewe mtu mzima."

"Utu uzima wangu mmeuona leo. Jana nilipokataza suruali hiyo sikuwa mtu mzima."

"Jana tulikuwa hatuna shida."

Sasa hapa mnisikilize, maana ndilo somo la kwanza. Mpiga chapa na mchapishaji huweza kuwa mtu mmoja, lakini ni kazi mbili. Mpiga chapa anatia wino kwenye karatasi. Mchapishaji anashika jina lako na kulitoa mbele za watu. Wino ukikosewa utafutika au utachapa upya. Jina halichapwi upya. Mimi wakati ule sikulijua hilo. Nilidhani naenda kutafuta mashine nzuri.

Mlango wa kwanza tuliobisha ulikuwa wa ofisi moja Dar es Salaam, siitaji. Tulipokewa vizuri, tukapewa chai. Bwana mmoja mwenye miwani akasoma wimbo wa mapenzi kwa sauti ya kusoma taarifa ya habari, akafika mwisho, akauliza: "Huyu mpenzi analima nini?"

Rama akasema, "Halimi, mzee. Anangojewa."

"Anangojewa shambani?"

"Dirishani."

Bwana akaandika kitu pembeni. Akatuambia gazeti ni zuri sana, ila kila wimbo ungepata ubeti mmoja wa kilimo lingekuwa bora zaidi. Tulicheka mpaka tulipofika stendi, lakini mtu yule nampa haki yake: alisema masharti yake mapema, uso kwa uso. Wengi hawasemi.

Mlango wa pili ndio uliotutoa roho. Ulikuwa kiwanda cha Bwana Kasimu, kule kule Dar es Salaam. Bwana Kasimu alikuwa kijana bado, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na mashine ambayo mpaka leo nikifumba macho naisikia. Ilikuwa ndefu kama chumba changu na cha wadogo zangu ukiviunganisha. Karatasi iliingia huku nyeupe kama sanda, ikapita chini ya magurudumu, ikatokea kule na nyekundu. Ikarudi ikapata manjano. Ikarudi ikapata buluu. Na mara ya mwisho ilipotoka kulikuwa na mwanamke amesimama amevaa kanga, anacheka, kila ua la kanga limekaa mahali pake. Nilisahau kufunga mdomo. Tatu alinyoosha kidole akataka kuligusa lile ua, mfanyakazi akamzuia. "Bado bichi, dada. Utaondoka nalo."

Bwana Kasimu akapitia kurasa zetu haraka haraka, kama mtu anayepepeta mchele. Akafika kwenye ukurasa mmoja, akasimama.

"Huu nani ameuleta?"

"Mimi," akasema Tatu.

Ulikuwa wimbo alioupata Kiwangwa. Likizo ile alikwenda kwa rafiki yake wa shule, kwao ni wakulima wa mananasi, na kuna nyumba jirani wanawake walikuwa wanaimba ndani mchana kutwa. Wimbo ulipita ukutani. Tatu akaushika. Alisema hajawahi kusikia wimbo mzuri kama ule, na mimi nilipousoma niliona hivyo hivyo, ingawa sikuelewa nusu yake. Chini yake alikuwa ameandika: Umekusanywa na Tatu, na jina la baba yetu.

"Huu ndio roho ya gazeti," akasema Bwana Kasimu. "Ukurasa wa kati, rangi zote. Na juu yake picha ya msichana anacheza. Niachieni nakala hii, nianze kuupanga."

Tukamwachia. Nani angemnyima? Kwenye basi Rama alikuwa anachora herufi za jalada hewani kwa kidole.

Ila mimi ni mtu wa kusitasita. Kabla ya kutia saini nikasema nitafute rai ya mtu mmoja zaidi, na aliyekuwa karibu alikuwa Mzee Gulamu, Mhindi wetu mwenye kiwanda kidogo cha chapa mtaa wa nyuma ya soko la samaki, hapa hapa Bagamoyo. Vijana walinicheka, lakini wakaandamana nami. Mzee Gulamu alikuwa anachapa kadi za harusi, stakabadhi za maduka na majalada ya madaftari. Rangi yake ilikuwa moja, nyeusi. Ukimbembeleza, na kijani.

Niseme siri ya kazi hapa. Ukienda kwa mchapishaji usiombe kuona kazi yake nzuri. Kila mtu anayo moja ameitundika ukutani. Omba uone karatasi zilizoharibika. Mzee Gulamu nilipomwomba hakushangaa. Akanipeleka pembeni kwenye kikapu, akanichambulia moja moja: hii wino ulizidi, hii jina la bwana harusi lilikosewa, hii nilikuwa na homa. Nikamheshimu hapo hapo.

Na herufi zake! Zilikuwa za madini ya risasi, kila moja na kijumba chake katika sanduku la mbao, nazo zimegeuzwa kama zinavyoonekana kwenye kioo. Mzee alizisoma kinyumenyume bila taabu. Aliniambia masanduku yale yalitoka ng'ambo, na huko hawajui Kiswahili kinavyokula herufi a. Kila akipanga ukurasa a zinamwishia njiani, inambidi achape nusu, azivunje, azioshe, apange nusu ya pili. "Watu wa pwani mnafungua mdomo sana," akasema. Nilisimama pale nikiangalia mkono wake unaokota maneno yetu kipande kipande, mazito, ya risasi, nikaona ajabu kuliko ile mashine ya Dar es Salaam. Kule niliona picha zinazaliwa. Hapa niliona neno lina uzito, unaweza kulishika kiganjani likakuachia alama.

Nikampa kurasa za Zumari. Hakuzisoma.

"Twende nyuma," akasema.

Nyuma kulikuwa na ua wenye kivuli cha bati, na mkekani wanawake watatu wanakunja karatasi na kushona madaftari. Mkubwa wao akiitwa Bi Hidaya, mama wa makamo, mwembamba, mkono mmoja una sindano kubwa. Hakujua kusoma. Mzee Gulamu akaketi kwenye kigoda, akavaa miwani, akaanza kusoma kurasa zetu kwa sauti, mwanzo hadi mwisho.

Nikamnong'oneza, "Unawasomea wao?"

"Kila kitu cha Kiswahili kinachotoka hapa kinapita kwenye mkeka huu kwanza," akasema. "Mimi nimezaliwa mtaa huu, na baba yangu kazaliwa mtaa huu. Lakini kuna milango ya mji huu sikuzaliwa upande wake."

Wale wanawake walikuwa wasikilizaji hatari. Wimbo wa dansi walitikisa mabega. Wimbo wa mtu anayelalamika kuachwa, mmoja akasema, "Na alivyo mvivu, mimi ningemwacha mapema." Tatu akawa anacheka nao, amekaa pembeni ya mkeka, na karatasi keshaanza kukunja.

Halafu Mzee Gulamu akafika kwenye wimbo wa Kiwangwa. Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili.

Mikono ya wote watatu ilisimama.

Sijui niwaelezeje. Hakuna aliyepiga kelele. Bi Hidaya aliweka sindano chini, akajifunika kichwa kwa kanga, akasema kwa sauti ndogo, "Inatosha, mzee wangu." Kisha: "Wanaume tokeni."

Mimi na Rama tukainuka. Mzee Gulamu akabaki na karatasi mkononi. "Na mimi?"

"Wewe si mwanamume?"

"Bi Hidaya, hiki ni kiwanda changu."

"Kiwanda chako. Maneno si yako. Niachie hiyo karatasi, nenda kanywe kahawa."

Na yule mzee, mwenye kila herufi na kila tone la wino mle ndani, akakunja karatasi bila kuitazama tena, akampa kwa mikono miwili, akavua miwani, akatoka nje ya kiwanda chake. Mlango ukafungwa. Tatu alibaki ndani.

Tulikaa barazani na vikombe vya kahawa. Rama akauliza, "Tumekosa nini?"

"Sijui," akasema Mzee Gulamu. "Na wewe usitake kujua. Wimbo ule una nyumba yake. Wanawake wanafundishana mle ndani msichana akiwekwa mwali, na hautoki nje. Hiyo tu ndiyo ninayoweza kubahatisha."

Nikaweka kikombe chini. Kwetu hakukuwa na mama. Hakukuwa na wa kumwambia Tatu kwamba wimbo ule ukiusikia unapita zako. Mimi nilimlisha, nikamvisha, nikamlipia shule. Hayo mengine nisingeweza hata kuyataja, kwa sababu siyajui. Na jina lake, na la baba yetu, lilikuwa chini ya wimbo ule, na wimbo ule ulikuwa Dar es Salaam unapangwa kwa rangi zote. Ukitoka, hakuna mwanamke kuanzia hapa mpaka Saadani ambaye angempokea Tatu katika shughuli yake. Angekuwa msichana aliyeanika siri ya mama zake sokoni. Nani angemwamini alikuwa hajui?

Mlango ulipofunguka, Tatu alitoka polepole. Hakuwa amelia. Alikuwa kama mtu aliyekabidhiwa kitu kizito na anaogopa kukiangusha. Bi Hidaya alikuwa nyuma yake.

"Nakala nyingine iko wapi?"

"Dar es Salaam, mama. Nitaifuata kesho."

"Basi la mchana limeshaondoka?"

"Bado."

"Basi kesho ya nini?"

Nikaenda na shati nililokuwa nalo. Nilikuta kiwanda kimefungwa, nikalala stendi mpaka asubuhi.

Bwana Kasimu alinipokea kwa furaha. Meza yake ilikuwa na ukurasa wa kati tayari, na msichana anacheza. Kwa kweli ulikuwa mzuri, na uzuri wake ulinitisha.

"Bwana Kasimu, wimbo huu nimekuja kuuchukua. Hautachapwa."

"Kwa nini?"

"Siwezi kukueleza."

"Nani kakukataza kunieleza?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe sijui."

Akacheka mpaka akashika meza. "Kaka Bakari! Umetoka Bagamoyo mpaka hapa kuja kuniambia hujui?"

"Ndiyo."

Si mtu mbaya, nawaambia. Ningekuwa yeye ningecheka pia. Akaniambia ana kazi. Nikamwambia nitangoja. Nikakaa kwenye benchi la wageni, nikakaa, wafanyakazi wakaniruka wakipita, karani akanihamisha kiti, nikahama, nikakaa. Kukaa nilikuwa nimekuzoea. Muuza magazeti hana kazi nyingine. Adhuhuri ilipokaribia akatoka ofisini, akanikuta pale pale.

"Wewe hutaondoka?"

"Sitaondoka. Bwana Kasimu, mama yako yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillahi. Naishi naye. Yeye ni wa Pangani."

"Basi ukienda kula, nenda na karatasi hii. Msomee mistari miwili. Akikwambia chapa, chapa. Nitatia saini leo hii hii."

Akaichukua karatasi akiwa bado anacheka. Alivyorudi hakuwa anacheka. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi, akanipa bahasha, macho yake yako mlangoni.

"Chukua. Ule ukurasa uliopangwa nitauharibu mwenyewe, na wewe ukiona."

"Mama amesemaje?"

"Amesukuma sahani, ameingia chumbani." Akaketi kando yangu. "Kaka Bakari, nitampelekea nini anisamehe?"

Nikamwambia hilo nalo sijui.

Akauharibu mbele yangu, vipande kwa vipande. Kisha, mfanyabiashara ni mfanyabiashara, akaniambia gazeti bado analitaka, na rangi zote ziko pale pale.

Huo ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe, vijana wangu, msidhani ulikuwa rahisi. Rama aliuonea uchungu. "Kaka, karudisha wimbo! Kosa lake liko wapi? Tukachape kwa kijani cha Mzee Gulamu, watu watadhani tunawaalika harusini!"

Nikamwambia Bwana Kasimu hana kosa. Ila yeye aliuliza baada ya kupanga, tena kwa kushurutishwa. Yule mwingine anauliza kabla ya kushika herufi ya kwanza, na akiambiwa atoke, anatoka. Mashine za mwaka ule zimeshakuwa vyuma chakavu, za Kasimu na za Gulamu. Nilichochagua ni mkeka.

Rama akamgeukia dada yake. "Tatu, sema wewe. Gazeti lako hili."

Tatu alikuwa anashona kanzu ya Rama iliyofumuka. Hakuinua uso. "Kwa Bi Hidaya," akasema.

Hakusema kwa Mzee Gulamu.

Zumari likapangwa, a zikaisha, zikaoshwa, zikapangwa tena. Ukurasa wa kati ukawa umebaki wazi. Rama akapendekeza tangazo la sabuni. Mimi nikapendekeza picha ya gitaa. Mzee Gulamu akaupeleka ule mpango mkekani, na Bi Hidaya akasema, "Uacheni hivyo hivyo."

"Mtupu?" nikauliza. Karatasi siku zile ilikuwa haipatikani, watu wanaandika barua nyuma ya barua.

"Mweupe," akasema. "Wenyewe wataujua." Mzee Gulamu akauchapa hivyo, akaweka mstari mwembamba wa pambo kuuzunguka, basi.

Siku ya kutoka nililiweka kwenye gunia langu pale stendi, mbele ya magazeti mengine yote. Wa kwanza walikuja vijana, kelele, wanaimba kutoka kwenye karatasi, wengine wananiuliza hapa katikati wino umekwisha? Nikawaambia ndiyo, umekwisha.

Kisha, kwa habari iliyotoka mkekani, wakaanza kuja wanawake. Mtu mzima mmoja kwanza, na kikapu cha samaki. Nilimjua, alikuwa hajawahi kununua gazeti kwangu na kusoma hajui. "Shikamoo mama." "Marahaba. Liko wapi la wale watoto?" Nikampa. Hakutazama jalada. Alifungua katikati, kwenye ule weupe, akautazama kama ninyi mnavyotazama ukurasa ulioandikwa, kutoka juu hadi chini, bila haraka. Akatikisa kichwa kidogo, akalikunja, akalitia kikapuni juu ya kitambaa kikavu lisipate majimaji ya samaki, akalipa. Nyuma yake yuko mwingine. Na mwingine. Wengine walitoka bara, vumbi la njia miguuni, na nanasi mkononi la kumpelekea "yule mwanenu Tatu." Wote walifungua pale pale.

Nimeuza magazeti yenye vita, yenye uhuru, yenye vifo vya wakubwa. Sijawahi tena kuona watu wakisoma hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao na mawe yangu mkononi, mwuzaji wa kitu ambacho siruhusiwi kukijua, na kila mmoja aliyekifunga alinitazama usoni, akaniambia: "Umelea, mwanangu."